Kalamu na Karamu: Mwalimu Naye ni Mwanafunzi

Yako maneno tunayoyasema mara nyingi mno hata yakapoteza uzito wake. "Elimu haina mwisho" ni miongoni mwa maneno hayo. Huandikwa juu ya milango ya madarasa, hutajwa katika hotuba za mahafali, na aghalabu mwanachuo huyafanya kuwa sentensi ya mwisho ya insha yake pale anapoishiwa na la kusema. Mimi pia niliyaandika hivyo katika mtihani wangu wa mwisho wa chuo, mwaka 1969, nikapewa alama nzuri. Lakini maana yake sikuijua. Niliijua miaka miwili baadaye, tena kwa aibu, na aliyenifundisha alikuwa mama mmoja ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kushika kalamu.

Nataka kuwasimulia habari hiyo kama ilivyokuwa, kisha nieleze ninavyoifahamu elimu ya maisha yote kwa upande wa mwalimu wa shule ya msingi. Sisimulii ili nijisifu. Sehemu kubwa ya habari yenyewe ni kosa langu.

Nilizaliwa Pangani, katika mwambao wa Tanga. Kiswahili ndiyo lugha niliyoikuta nyumbani. Nilikinyonya pamoja na maziwa ya mama, wala sikumbuki siku ambayo sikukijua. Nilisomea ualimu kwa miaka miwili, na mwezi wa Januari 1970 nikapangiwa shule moja ya msingi katika kisiwa cha Ukerewe. Nilisafiri kwa treni hadi Mwanza, na kutoka Mwanza nikapanda meli hadi Nansio. Katika sanduku langu la bati mlikuwa na nguo chache, cheti changu, na madaftari ya maandalio ya masomo niliyoyaandika chuoni. Madaftari hayo niliyathamini kuliko nguo. Nilikuwa na umri wa miaka 21, na niliamini kwamba kazi ya kujifunza imekwisha. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kufundisha.

Shuleni nilipewa darasa la kwanza, na mwaka uliofuata nikapanda nalo hadi darasa la pili. Watoto wale walitoka katika nyumba zilizosema Kikerewe, Kijita au Kikara. Kiswahili walikikuta shuleni. Jambo hilo nililijua, kama mtu anavyojua kwamba maji ya Ziwa Viktoria si ya chumvi, lakini sikulipa nafasi yoyote katika ufundishaji wangu. Niliona kwamba Kiswahili ni lugha rahisi. Bila shaka ilikuwa rahisi kwangu, maana sikuwahi kujifunza.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja aliyesoma vizuri kuliko wenzake wote. Kwa sababu hiyo nilimwita mara nyingi kusoma mbele ya darasa. Asubuhi moja ya mwaka 1971 nilimwonyesha kadi yenye neno "kalamu". Akasoma "karamu". Nikamwambia arudie. Akasema tena "karamu". Nikatamka mimi, polepole, kisha kwa nguvu, naye akanifuata kwa utiifu: "karamu". Nilimrudisha mara kumi. Darasa zima lilikaa kimya. Hakuna mtoto aliyecheka wala aliyenyoosha kidole kumsahihisha, kwa kuwa hakuna aliyesikia kosa. Aliyelisikia ni mimi peke yangu. Jambo hilo lingetosha kunizindua, kama ningekuwa mtu wa kuzinduka. Badala yake nilimwambia kwamba ana uvivu wa masikio, nikampiga rula kiganjani, na nikamwacha amesimama mpaka kengele ilipolia.

Siku zilizofuata nilifanya vivyo hivyo kwa neno hilo na kwa maneno mengine ya namna hiyo. Nilidhani kwamba naipigania lugha ya taifa. Baada ya majuma machache mtoto yule alianza kukosa shule. Siku moja alikuja, siku mbili hakuja. Katika daftari la mahudhurio niliandika "mgonjwa", kwa kuwa ndivyo alivyosema ndugu yake.

Sasa yanipasa kueleza jambo lingine lililokuwa likiendelea wakati huo huo. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa wazi tangu miaka ya mwanzo ya uhuru: taifa changa haliwezi kungoja watoto wakue ndipo lianze kuendelea, wanaolima, wanaovua na wanaolea leo ndio wanaopaswa kuelimishwa leo. Kisha kwa mwaka 1971 zikachaguliwa wilaya sita ambamo ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ulitakiwa kufutwa kwanza. Wilaya hizo zilikuwa Mafia, Masasi, Kilimanjaro, Pare, Shinyanga na Ukerewe yetu. Hivyo walimu wa shule za msingi tulifundisha watoto asubuhi, na alasiri tukafundisha wazazi wao.

Njia ya kufundishia kisomo ilikuwa nzuri, na hata leo yafaa ifikiriwe. Katika Mikoa ya Ziwa ulikuwapo tangu mwaka 1968 mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, na vitabu vyake vya kwanza vilihusu kazi za watu wenyewe: pamba, uvuvi, migomba, ng'ombe, chakula cha nyumbani. Mwalimu alianza na jambo ambalo mwanakisomo analifahamu. Kama ni pamba, walizungumza kwanza habari za pamba. Kisha neno likaandikwa ubaoni, likagawanywa kuwa "pa" na "mba". Silabi zikanyambuliwa, "pa, pe, pi, po, pu" na "mba, mbe, mbi, mbo, mbu". Na wanakisomo wakaziunganisha upya kupata maneno ambayo hawakufundishwa. Mkulima aliyegundua mwenyewe kwamba ameandika "mbu" alisimama akaonyesha ubao kama mtu aliyenasa samaki mkubwa.

Darasa langu la alasiri lilikuwa na watu wazima wapatao thelathini, wengi wao akina mama. Mama wa yule msichana alikuwa mmoja wao. Alikaa nyuma, hakusema sana. Kila nilipofika nilimwamkia "Shikamoo mama", naye akaitika "Marahaba mwalimu", kisha nikamfundisha kwa upole. Kosa lake nililisahihisha kwa kuinama karibu naye, kwa sauti ya chini, ili wenzake wasisikie. Nani angethubutu kumpigia kelele mtu aliye sawa na mama yake mdogo? Mchana nilikuwa mwalimu wa namna moja, na asubuhi wa namna nyingine kabisa, wala sikuona ajabu yoyote katika jambo hilo.

Ilipofika karibu na mwisho wa mwaka niliwapa wanakisomo zoezi jipya. Niliwaambia kila mmoja aandike habari yake mwenyewe, fupi au ndefu, bila kunakili ubaoni. Usiku nikakaa na karatasi zao mbele ya kandili, na kalamu nyekundu mkononi. Wengi waliandika majina yao na ya watoto wao. Mmoja aliandika bei ya pamba. Mwingine aliandika kwamba mtumbwi wake unavuja. Nikaifikia karatasi ya yule mama. Ilikuwa na mistari mitatu:

"Mwarimu mtoto wangu anakuogopa. Kira asubuhi anasema tumbo rinauma. Tumbo hariumi."

Nawaomba, ndugu wanachuo, msome kwa makini nitakayoyasema sasa, kwa maana ndiyo kiini cha makala haya. Nilipoiona karatasi ile nilipiga mstari mwekundu chini ya "Mwarimu", nikaandika juu yake "Mwalimu". Nikapiga mstari chini ya "Kira", chini ya "rinauma", chini ya "hariumi". Nikahesabu makosa manne, nikaandika tarakimu nne pembeni na kuizungushia duara. Ndipo niliposoma kwa mara ya pili kuhakikisha kama sijaacha kosa, na ndipo nilipoelewa nilichoandikiwa.

Mama yule alikuwa amejifunza kuandika kwa miezi kadhaa, akitoka shambani na jembe begani. Barua yake ya kwanza katika maisha hakumwandikia ndugu yake wala karani wa pamba. Aliniandikia mimi, na aliandika jambo ambalo kwa mdomo hakupata ujasiri wa kulisema. Nami nilikuwa nimemsahihisha.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake, ingawa ilikuwa Jumamosi, nilikwenda nyumbani kwao. Mama alikuwa uani akianika mihogo. Tulipokwisha amkiana akaitazama karatasi niliyoishika, akaiona ile kalamu nyekundu, akauliza kwa wasiwasi:

"Mwalimu, nimekosea sana?"

Nilikosa jibu. Nilikaa juu ya kigoda alichonipa, na baada ya kimya kirefu nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mwaka mzima uliopita. Nilimwambia, "Mama, nitasema maneno mawili. Nambie kama unasikia tofauti." Nikasema "kalamu", kisha nikasema "karamu". Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo kwa adabu, akasema:

"Mwalimu, umesema neno moja mara mbili."

Kisha akasema, "Nami nitakuambia yangu." Akatamka kwa Kikerewe neno moja, halafu akatamka lingine, akaniuliza lipi ni lipi. Niliapa kwamba ni neno lile lile. Akayatamka tena. Jirani aliyekuwa akipita akasimama, akayatamka naye. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Wao walikuwa wakizisikia maana mbili zilizo mbali kabisa, kwa sababu katika Kikerewe kupanda na kushuka kwa sauti hutenganisha maana, jambo ambalo halimo katika Kiswahili cha kwetu Pangani. Wakacheka, nami nikajaribu kuyatamka, wakacheka zaidi. Nyuma ya mlango nikasikia kicheko cha tatu. Alikuwa yule msichana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Akatoka, akasimama mbali kidogo nami, akalisema neno moja polepole, akangoja, kisha akalisema la pili. Hakuniambia kwamba nina uvivu wa masikio.

Lugha nyingi za Kanda ya Ziwa hazizitenganishi sauti za "r" na "l" kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Mtoto aliyekulia katika lugha ya namna hiyo husikia sauti mbili hizo kama moja. Si mkaidi wala si mjinga, na masikio yake hayana kasoro. Yamefunzwa vizuri sana, lakini yamefunzwa kazi nyingine. Ukimpiga hutampa sauti asiyoisikia. Utampa hofu, na hofu huziba hata yale masikio yaliyokuwa wazi. Hayo yote hayakuwamo katika madaftari yangu. Hata kama yangekuwamo, sidhani kama ningeyaamini kabla sijakaa juu ya kigoda kile na kuwa mjinga mbele ya watu.

Juma lililofuata niliwaomba wanakisomo wanifundishe Kikerewe. Kila alasiri, baada ya somo, tulibadilishana nafasi kwa robo saa. Nilidhani ningejifunza upesi, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Haikuwa hivyo. Nilisahau leo niliyofundishwa jana. Nilisahau kutanguliza ile irabu inayokaa mbele ya majina, nikasema neno nusu, wakanitazama kama mtu aliyetoka bila kofia kwenye mvua. Nilipokosea mbele ya watu ulimi ulikuwa mzito zaidi. Nilipoharakishwa nilinyamaza. Nilipoachwa nisikie mara nyingi kabla ya kusema, nilisema vizuri. Siku moja nilijikuta nikitafuta kisingizio cha kuahirisha kipindi changu, nikamwambia mzee mmoja kwamba kichwa kinaniuma. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nikakumbuka ile barua. Kichwa hakiumi.

Kutokana na masomo yale nilibadili njia yangu ya kufundisha asubuhi. Nitaieleza kwa kifupi, kwa kuwa yaweza kuwafaa wale watakaopangiwa shule za namna hiyo.

Kwanza, niliacha kudai matamshi kabla ya kusikia. Nilichora picha ya kalamu na picha ya watu wanaokula karamu, nikazibandika ukutani. Kwa siku kadhaa watoto hawakutakiwa kusema lolote. Nilitaja neno, wao wakanyoosha mkono kuelekea picha inayohusika. Mwanzoni walibahatisha. Baadaye mikono ilianza kwenda pamoja.

Pili, niliwaonyesha sauti inavyofanywa kinywani. Ilinibidi nijifunze kwanza kinywa changu mwenyewe, kwa kuwa sikuwahi kukifikiria. Katika "l" ncha ya ulimi hugusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kutulia hapo, hewa ikapita pembeni. Katika "r" ncha hiyo hutikisika. Watoto walifurahi kupewa ruhusa ya kutazamana ndimi.

Tatu, nilitumia maneno yenye maana kwao, yaliyo jozi: "kula" na "kura", "mahali" na "mahari". Kura walizijua, kwa kuwa wazazi wao walikuwa wamepiga kura mwaka 1970. Mahari waliijua bila kufundishwa.

Nne, kusoma na kuandika maneno hayo kulikuja mwisho, na kosa lililobaki sikulipiga mstari mwekundu mpaka niwe nimesoma kwanza mtoto alitaka kusema nini.

Yule msichana alirudi shule. Alihitimu darasa la saba, na kwa muda wote huo alisoma vizuri. Ningependa kuwaambieni kwamba alisahau, lakini sitasema uongo. Mpaka anaondoka shuleni hakuwahi kunyoosha kidole katika somo langu bila kuitwa. Kwa walimu wengine alinyoosha.

Baada ya kisa hicho nilianza kuifikiri upya maana ya kujifunza katika maisha yote. Watu wengi hudhani kwamba maana yake ni kuongeza vyeti. Sivibezi vyeti. Mimi mwenyewe nilisoma kwa njia ya posta, nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na watoto wawili, nikaanguka hisabati na kuirudia. Cheti kiliniongezea mshahara na kunifungulia mlango wa kuwa mkufunzi. Lakini mtu aweza kupanda madaraja yote bila kujifunza jambo lolote linalombadili. Na mwingine aweza kukaa na cheti kimoja maisha yake yote, na kila mwaka akawa mwalimu mpya.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi naona sababu tatu zinazomlazimisha kujifunza daima. Sababu ya kwanza yajulikana na wote: maarifa hubadilika, na aliyofundishwa mwalimu katika ujana wake huchakaa. Asiyeyahuisha huwapa watoto chakula cha jana.

Sababu ya pili ni kwamba wanaofundishwa nao wana maarifa. Niliithibitisha mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kampeni hiyo ilidumu kwa majuma 12. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatenda. Viongozi wa vikundi tuliofunzwa tulikuwa maelfu kwa maelfu, na tuliagizwa kwamba kiongozi si mhutubiaji. Tulipofika kwenye somo la kichocho mimi nilijua kutoka kitabuni kwamba ugonjwa huo hupitia kwa konokono wa majini. Wavuvi walijua ni sehemu zipi za ufuko wenye majani ambako konokono hujaa, na ni wakati gani watoto hupenda kuogelea huko. Maarifa yangu peke yake yasingemwokoa mtoto hata mmoja, wala yao peke yake yasingetosha. Tulipoyaunganisha tulichimba vyoo, tukabadili mahali pa kuteka maji.

Sababu ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, na kwangu ndiyo kubwa. Mwalimu anayejifunza jambo gumu hukumbuka kutojua kulivyo. Tunapokwisha kujua kitu, tunasahau upesi sana safari ya kukijua. Anayesoma kwa wepesi haoni tena kwamba herufi "b" na "d" zinafanana kama mapacha. Anayejumlisha kwa wepesi haoni ajabu yoyote katika kubeba kumi. Mtoto anaziona ajabu hizo zote, na mwalimu aliyezisahau humwona mtoto kuwa mzito. Mimi nilikuwa nafundisha kitu ambacho mwenyewe sikuwahi kujifunza, nikawa sina kumbukumbu yoyote ya kunisaidia kumhurumia mwanafunzi. Kikerewe ndicho kilichonipa kumbukumbu hiyo.

Ndiyo maana niliwaheshimu sana wale vijana waliotumwa katika shule zetu ilipoletwa Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliohitimu darasa la saba walifundisha huku wakisomea ualimu kwa masomo ya posta, redio na maelekezo ya walimu wa karibu. Watu waliwacheka. Walikuwa na upungufu mwingi, hilo halina ubishi. Lakini wawili niliowasimamia walikuwa na jambo moja ambalo mimi nilifika Ukerewe bila kuwa nalo: jana yake tu walikuwa wameshindwa zoezi lao wenyewe, na leo walimwelewa mtoto aliyeshindwa lake.

Kisiwa kile kile kina mfano mwingine ambao sichoki kuutaja. Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya maisha ya watu wake, akaimaliza mwaka 1945. Mchapishaji hakupatikana. Uzeeni mwake aliketi tena, akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye alifariki dunia mwaka 1981. Fikirini mtu aliyepita umri wa kustaafu, akianza kazi kubwa kama ile, sentensi baada ya sentensi, katika lugha ambayo si yake ya kuzaliwa. Hakuna mtihani uliokuwa ukimngoja.

Na kama mtu aweza kuacha kujifunza, taifa nalo laweza. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika katika Tanzania walikuwa takriban asilimia 67. Kwa jitihada nilizozieleza, mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wamepungua hadi asilimia 39, na mwaka 1986 hesabu za serikali ziliwaweka chini ya asilimia 10. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilikuta kwamba wanaojua kusoma na kuandika ni takriban asilimia 69 tu. Hesabu hizo hazikupatikana kwa njia moja, kwa hiyo tusizilinganishe kwa pupa. Hata hivyo, sisi tuliokuwapo tuliona kwa macho madarasa ya alasiri yakifungwa moja baada ya moja, na watu waliojua kusoma wakisahau kwa kukosa kitu cha kusoma. Kisomo kisichotumiwa hufifia kama chokaa kwenye ukuta unaonyeshewa mvua.

Ndugu wanachuo, nawashauri mambo manne kabla sijaweka kalamu chini. Mkifika katika shule mtakazopangiwa, jifunzeni lugha ya watoto wenu, hata kama ni maneno hamsini, na waacheni watoto wawacheke. Kila mwaka chagueni jambo moja msilolijua kabisa, mlianze mwanzo: kushona, kupiga ngoma, hesabu mliyoikimbia shuleni. Wekeni daftari la makosa ya wanafunzi, na mbele ya kila kosa andikeni sababu yake. Pale msipoijua sababu, acheni nafasi wazi mpaka muijue. Na wazazi wanapowaandikieni, someni kwanza walichosema.

Mimi sasa nimepita miaka 75, nami ni mwanafunzi wa mjukuu wangu. Ananifundisha kuandika kwa simu. Nikichelewa kuipata herufi hunipokonya simu na kusema, "Babu, lete nikufanyie." Humwambia kwa upole airudishe na kungoja. Yeye ni hodari, lakini bado hajui kwamba kumfanyia mwanafunzi si kumfundisha. Atajua, iwapo naye ataendelea kujifunza.

Karatasi ya yule mama ninayo hadi leo. Wino wa kalamu yake umefifia ukawa rangi ya majani makavu, ila ile mistari minne myekundu ingali inaonekana vizuri. Kila nilipokuwa nikianza muhula mpya niliitoa, nikaisoma, nikairudisha mahali pake, ndipo nikaenda darasani.